Jinsi ya kwenda Pangani ukiwa kitandani: mwongozo wa safari kwa aliyefungiwa nyumbani

Mwaka niliovunjika muundi wa mguu wa kulia nilikaa ndani wiki 11. Chumba kilikuwa ghorofa ya pili, Ilala, lifti hakuna, ngazi 38, na hogo limepanda mpaka juu ya goti. Wiki mbili za mwanzo nyumba hujaa watu. Wanaleta matunda, wanakaa, wanasimulia nani mwingine aliwahi kuvunjika na alivyopona. Wiki ya tatu kila mtu amerudi kwenye shughuli zake, na hapo ndipo kufungiwa kunapoanza hasa.

Naandika haya kwa yeyote aliye katika hali hiyo: mgonjwa anayejiuguza nyumbani, mzazi aliye ndani ya arobaini, mjane anayekaa eda ya miezi minne na siku kumi, mtoto anayemuuguza mama yake asiyeweza kuachwa peke yake hata kwa saa moja. Wenzetu wa Nairobi, Kampala na Kigali waliofungiwa na amri za mwaka 2020 wanaijua hali hii bila kuelezwa.

Nilichojifunza katika wiki zile ni kwamba mtu anaweza kwenda mahali anapopapenda akiwa amelala chali, akarudi amepumzika kweli. Lakini safari ya namna hiyo ina ufundi wake. Ukifumba macho ukasema tu “niko baharini”, picha inayokuja ni ile ya kalenda ya ukutani: minazi miwili, mchanga mweupe, jahazi kwa mbali. Inakaa dakika moja, kisha unajikuta unatazama dari ileile. Nilifanya hivyo siku nyingi nikadhani mimi sina kipaji. Kumbe nilikuwa narukia mahali bila kupita njiani.

Hatua ya 1: Chagua kona, usichague mji

Waulize watu wangependa kuwa wapi sasa hivi, wengi watasema Zanzibar. Zanzibar ni kubwa mno kuingia kichwani. Hata Forodhani ni kubwa. Chagua pale penye mashine ya kukamulia miwa: muuzaji anaupitisha muwa mara ya kwanza, anaukunja, anausokomezea kipande cha tangawizi na ndimu katikati, anaupitisha tena, na juisi inashuka na povu lake la kijani hafifu. Simama hapo. Hapo panakutosha.

Mimi kipimo changu cha kona ni hiki: mtu akiwa upande wa pili akikuita kwa sauti ya kawaida, umsikie. Ikizidi hapo ni mtaa, na mtaa utakuchosha.

Wala usijilazimishe kuchagua mahali pazuri pa kupigia picha. Kona zinazodumu mara nyingi ni za kawaida kabisa: baraza ya bibi, kibanda cha supu stendi, ukuta wa shule mliokuwa mnaegemea mkisubiri kengele. Kuna mtu namjua ambaye akitaka kutulia huenda kwenye duka la fundi cherehani la baba yake, chini ya meza, penye vipande vya vitambaa. Alikuwa na miaka sita alipokaa pale mara ya mwisho.

Chukua karatasi uandike haraka vitu kumi vilivyopo kwenye kona yako. Ukifikisha sita bila kukwama, kona ipo hai. Ukikwama kwenye vitatu, tafuta nyingine.

Neno moja la tahadhari. Katika siku za mwanzo usichague mahali penye msiba wako. Mjane asianzie sebuleni alikokaa na marehemu. Patakuja penyewe baadaye, moyo ukipata nguvu.

Yangu ni Bweni, ng'ambo ya mto Pangani, pale pantoni inapogusa nchi kavu. Nimezaliwa Tanga, na likizo zote za utotoni nilipelekwa kwa shangazi yangu hapo.

Hatua ya 2: Anzia mlangoni kwako

Hii ndiyo niliyoikosea. Usijitupe moja kwa moja kwenye kona. Toka ndani ya nyumba uliyomo, shuka ngazi, fuata njia.

Ipo sababu, na imechunguzwa. Mwaka 2014 Tuzo ya Nobel ya tiba walipewa John O'Keefe pamoja na May-Britt Moser na Edvard Moser kwa kugundua seli za ubongo zinazotuwezesha kujua tulipo. O'Keefe aligundua katika panya kwamba ndani ya hipokampasi, sehemu ndogo iliyo ndani ya ubongo, kuna seli ambazo kila moja huamka mnyama anapofika sehemu yake fulani, hii pale mlangoni, ile pale pembeni. Na hipokampasi hiyohiyo ndiyo inayotumika katika kukumbuka mambo yaliyotupata. Ndiyo maana ukitaka kumbukumbu ifunguke, tembea. Kila hatua inaiamsha inayofuata.

Basi mimi nilianza kwa zile ngazi 38. Nilizishuka kichwani moja moja, nikapita kwa muuza mkaa, nikapanda daladala ya Mbezi, nikaingia Kituo cha Magufuli. Basi la Tanga. Kiti cha dirishani, upande usiopigwa na jua asubuhi, na hilo nililifikiria vizuri kwa sababu hata safarini kichwani jua linachoma. Kibaha, Mlandizi, Chalinze. Hapo basi linakunja kulia, na upepo unabadilika.

Kwenye mto Wami nilijiruhusu jambo moja. Siku hizi kuna daraja jipya pana. Mimi nilipita lile la zamani, jembamba, la gari moja moja, ambapo tulikuwa tunasubiri wa upande wa pili wapite na abiria wote wanainuka kuchungulia mto. Safari ni yako. Ukitaka kupita njia ya mwaka 1994, pita.

Kisha Mkata, Kabuku, Segera. Muheza machungwa yamekwisha menywa, yamepangwa kwenye mabeseni, mikono ya wauzaji inafika dirishani kabla basi halijasimama. Tanga mjini unabadilisha gari, unashika barabara ya Pangani katikati ya mashamba ya mkonge, mistari iliyonyooka inayopita dirishani kama meno ya kitana.

Usiharakishe. Kutoka Mbezi hadi Segera nilitumia siku mbili, maana usingizi ulinikuta Kabuku na kesho yake nikaendelea kutoka hapohapo. Hilo si kosa, ndilo jambo zuri kuliko yote katika usafiri huu.

Hatua ya 3: Weka msimu, saa na maji

Nitakaa hapa kidogo, kwa sababu hatua hii ndiyo iliyonigeuzia picha ya kalenda ikawa mahali.

Mahali popote pasipo na saa ni picha tu. Kwa hiyo kabla hujafika, amua: ni mwezi gani, ni saa ngapi, na kama kona yako iko pwani, maji yako wapi.

Msimu kwanza. Kaskazi, tangu Desemba hadi Machi, joto ni kali, na mwanzoni mwake maembe yanadondoka yenyewe. Kusi ikishika, katikati ya mwaka, bahari ni nzito, wavuvi wa vyombo vidogo wanakaa kwenye mabaraza wakishona nyavu, na usiku unatafuta shuka. Ukienda Lushoto mwezi wa saba, chukua sweta, na uione pumzi yako asubuhi. Nilijaribu kwenda Bweni “siku yoyote tu” na sikufika. Nilipoamua ni mwezi wa Julai, kipupwe, ngozi ya mikono yangu ilikuwa ya kwanza kukubali.

Kisha maji. Sisi wa pwani tunayo saa ambayo haihitaji betri, na aliyefungiwa ndani anaweza kuitumia kila siku bila kuiona bahari. Nitaieleza kama nilivyofundishwa.

Hesabu siku za mwezi tangu kuandama. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, yaani karibu na siku ya kwanza na ya kumi na tano, maji huwa ya bamvua: yanajaa sana na yanapwa sana. Kwetu pwani ya Tanga, Unguja na Dar es Salaam, siku za bamvua maji hujaa karibu na saa kumi, alfajiri na alasiri, na hupwa karibu na saa nne, asubuhi na usiku. Ndiyo maana utawaona akina mama wakishuka na vikapu kutafuta chaza na pweza asubuhi ya bamvua, jua likiwa limekwisha panda. Kila siku inayofuata maji huchelewa kama dakika 50. Siku ya tatu ya mwezi yatajaa karibu na saa kumi na moja na dakika 40. Ukifika siku ya nane, mwezi ni nusu, mambo yamepinduka: saa kumi jioni ndipo yamepwa, lakini hayaendi mbali. Hayo ndiyo maji mafu.

Ni hesabu ya kukadiria, si ya nahodha, lakini kwa safari yetu inatosha sana. Nilikuwa na kalenda ya Kiislamu ukutani, ile ya kuchana karatasi. Kila asubuhi nilitazama tarehe ya mwezi, nikahesabu, nikajua: leo saa nane mchana, pale Bweni, maji yanapanda, yameshafika kwenye jiwe la tatu la kuteremkia. Nikifika kichwani saa nane, nilikuta maji ya saa nane.

Sijui nieleze vipi raha ya jambo hilo kwa mtu ambaye hajafungiwa. Siku zangu zote zilikuwa zimefanana. Dari, dirisha, dawa, chakula, dari. Ghafla nikawa na kitu kimoja duniani kinachobadilika kwa dakika 50 kila siku, na mimi ninakijua kilipo. Usiku wa bamvua nilikuwa naamka saa kumi alfajiri kwa ajili ya mguu unaouma, na badala ya kuhesabu saa zilizobaki mpaka kuche, nilikuwa najua kwamba saa hii mto wa Pangani umesimama, umejaa mpaka kwenye mikoko, haujaamua kurudi.

Asiye wa pwani naye ana saa yake. Wa Mwanza anajua upepo wa ziwa unageuka lini. Wa Kilimanjaro anajua mlima unajifunika saa ngapi na unavua saa ngapi. Wa Kariakoo anajua saa ya mikokoteni na saa ya kufunga maduka. Tafuta kitu kimoja cha kwenu kinachokwenda kwa saa, ukifuate.

Hatua ya 4: Mkono ushike kitu, pua inuse kitu

Harufu ina njia fupi kuliko hisia nyingine. Kutoka puani ishara zake hufika karibu moja kwa moja kwenye sehemu za ubongo zinazobeba hisia za moyo na kumbukumbu. Itumie.

Weka karibu na kitanda vitu viwili au vitatu tu. Mimi nilikuwa na kipande cha kumbi la nazi, kibichi kidogo, ambacho kikipata maji hutoa harufu ya ufukweni hasa. Nilikuwa pia na khanga ya zamani ya shangazi. Wa Unguja achukue karafuu tatu azisugue viganjani. Wa Lushoto atafute jani la mkaratusi. Ukiweka vitu kumi utachanganyikiwa, na chumba kitakuwa duka.

Kwa sauti, feni inatosha. Kasi ya pili ilikuwa pantoni, kasi ya tatu ilikuwa kusi.

Hatua ya 5: Jipe kazi ukifika

Ukifika kwenye kona yako ukakaa tu unatazama, baada ya muda mfupi mawazo yatarudi kwenye bili ya hospitali. Mahali pa kuwazwa panataka mikono yenye shughuli.

Kazi iwe ile unayoijua kwa mwili. Yangu ilikuwa kukuna nazi nyuma ya nyumba ya shangazi. Ninaiweka mbuzi chini, ninaikalia. Nazi imeshapasuliwa, maji yake nimekunywa. Ninashika kifuu kwa viganja viwili na kuanza kwenye ukingo, si katikati, maana ukianza katikati utaacha mabonge. Unga unaanguka kwenye sinia kwa mkunjo mdogo, mweupe, mzito kidogo kwa sababu nazi ni changa. Ninazungusha kifuu kidogo kila mkuno. Ikifika karibu na ganda, sauti inabadilika, inakuwa kavu, na unga unaanza kuwa na vidoa vya kahawia. Hapo naacha. Shangazi hapendi tui lenye weusi.

Nazi moja ilinichukua kama dakika kumi, sawa na kweli. Nazi mbili, na mara nyingi mabega yangu yaliyokuwa yamekazana kwa kulala vibaya yalikuwa yamelegea.

Mvuvi apange nyavu. Mkulima apalilie mstari mmoja. Mpishi wa mandazi aumue unga.

Hatua ya 6: Piga simu, uliza

Baada ya siku kadhaa utagundua sehemu ambazo hukumbuki. Usizizibe kwa kubuni. Waulize walioko huko. Nilimpigia shangazi.

“Shikamoo shangazi.”

“Marahaba mwanangu. Mguu?”

“Unaendelea, alhamdulillahi. Shangazi, nisaidie kitu. Mtu akishuka kwenye pantoni upande wako, mkono wake wa kushoto kuna mwembe, si ndiyo?”

Akanyamaza kidogo. “Mwembe gani tena? Huo ni mkungu. Mwembe ulikuwa kwa marehemu babu yako, nao ulishakatwa.”

“Mkungu!”

“Mkungu, ule wenye benchi. Na sasa hivi unapukutisha, majani mekundu yamejaa chini, muuza chai anafagia mara mbili kwa siku. Kwani unataka kununua kiwanja?”

Nilimweleza ninachofanya. Nilidhani ataniombea dua na kubadilisha mazungumzo. Badala yake, kesho yake alinipigia yeye, saa kumi na moja jioni, amesimama pale chini ya mkungu. Akanihesabia pantoni inavyoshusha: pikipiki nne, mwanamke na kuku wawili amewafunga miguu, magunia ya makaa, watoto wa shule wenye viatu mkononi. Maji ya mto, akasema, leo ni ya kahawia sana, yamekwenda mbali mpaka ndani ya bahari, mpaka wa rangi unaonekana.

Tangu siku hiyo alipiga mara mbili au tatu kwa wiki. Kabla ya kuvunjika nilikuwa naongea naye sikukuu kwa sikukuu. Ukiomba mtu akuelezee mahali anapoishi, unampa heshima ambayo watu hawaipati mara nyingi, na yeye mwenyewe huanza kupatazama upya.

Hatua ya 7: Ukiwa huoni picha

Wapo watu ambao wakifumba macho hawaoni kitu kabisa, hata sura ya mama yao. Si ugonjwa, wala si kukosa akili. Mwaka 2015 daktari wa mishipa ya fahamu wa Uingereza, Adam Zeman, aliipa hali hii jina la afantasia, na tangu hapo wengi wamegundua kuwa hawako peke yao. Mtoto wa kaka yangu ni mmoja wao. Nilipomfundisha hatua hizi aliniambia, “Shangazi, mimi ni giza tu.”

Yeye husafiri kwa maneno. Anataja vituo kwa sauti ya chini, kwa mpangilio, na kwenye kila kituo anasema kitu kimoja kilichompata pale. Chalinze, tuliharibikiwa gurudumu. Segera, nilikula mahindi mabichi nikaumwa tumbo. Anasema mwili unatulia vilevile. Ukiwa ni mtu wa namna hiyo, ruka mambo ya picha, shika orodha, kazi ya mikono na harufu.

Hatua ya 8: Safirini wawili

Ghorofa iliyo chini yangu alikuwepo mama mmoja wa Ujiji, Mmanyema, mumewe amefariki, yuko ndani ya eda. Yeye hawezi kutoka, mimi siwezi kushuka. Tulikuwa tunapigiana simu, sakafu moja tu imetutenganisha.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba binti yangu. Haya, leo tumefika wapi?”

Yeye safari yake ilikuwa Ziwa Tanganyika, ndani ya Liemba. Msichana wa miaka tisa, amefuatana na baba yake mfanyabiashara, kutoka Kigoma kwenda Kasanga. Meli yenyewe ina historia ya kufungiwa na kufunguliwa. Ilijengwa Ujerumani mwaka 1913, ikaletwa Kigoma vipande vipande, Wajerumani wenyewe wakaizamisha mwaka 1916 isiangukie mikononi mwa adui, ikaibuliwa mwaka 1924 na kurudi kazini mwaka 1927. Mama aliyajua haya kwa baba yake, na aliyasema kama mtu anayesimulia habari za ndugu.

Kona yake ilikuwa kwenye ukingo wa sitaha, usiku. Meli inasimama mbali na ufukwe, kwa kuwa vijiji vingi havina gati. Honi inalia. Kwanza giza tupu, kisha taa moja, taa mbili, mitumbwi inakuja, na kelele inaanza kabla haijafika: watu wanaitana majina, magunia ya dagaa yanainuliwa, mtoto anapitishwa kutoka mikono hii hadi ile. Baba amemshika mkono kwa nguvu. Kiganja cha baba kina harufu ya tumbaku.

Ukimsindikiza mtu, fanya kazi moja tu: uliza vitu vilivyopo. Mkono wako wa kulia umeshika nini? Chuma? Ni cha baridi? Nani amesimama mbele yako? Usimuulize anajisikiaje, maana swali hilo linamrudisha chumbani mara moja. Na usimwongezee cha kwako. Siku moja niliongeza mwezi angani, akaniambia kwa upole, “Hapana mwanangu, usiku ule haukuwa na mwezi.” Sikurudia.

Watoto wanaweza sana kazi hii. Arobaini ya uzazi yenye mtoto mkubwa wa miaka saba ndani ya nyumba ni nafasi nzuri: mama analala na kichanga, mkubwa anaambiwa ampeleke mama sokoni. Atamnunulia kila kitu.

Hatua ya 9: Rudi vizuri

Usiamke kwa kushtuka. Fanya safari ya kurudi kwa ufupi, vituo vitatu vinatosha, kisha ingia mlangoni kwako. Gusa godoro. Taja vitu vitano vya chumbani. Kunywa maji. Ukiwa na hogo, cheza vidole vya mguu, utazame kama rangi yake ni njema. Vikiwa vya baridi, vya bluu au vimekufa ganzi, wapigie hospitali, usingoje.

Dakika 20 hadi 30 kwa safari moja, mara moja au mbili kwa siku. Ukiona unatamani kubaki kule kuliko kuongea na watu waliomo ndani ya nyumba, au hula, hulali, na kila mahali unapokwenda panakuletea kilio, safari hii haitoshi. Mwambie mtu wa karibu na umwone mtaalamu wa afya, kama vile ungemwambia mfupa usipounga.

Na usimalize safari. Acha mahali penye kuendelea, uandike mstari mmoja kwenye daftari: tarehe ya mwezi, ulipofikia, na kitu kimoja ambacho hujakifanya. Kesho hutaanza kwa kujiuliza uwaze nini. Wa wiki ya tisa kwenye daftari langu unasema: “Mwezi 17, saa kumi na mbili jioni. Pantoni imegusa Bweni, maji yameanza kutoka. Shangazi yuko chini ya mkungu, hajaniona bado.”